Aspirini, klopidogreli au silostazoli? Tafiti za Korea kuhusu kuzuia kiharusi kisirudi

Mtu akishapata kiharusi cha mshipa kuziba, hatari inayomwandama baada ya hapo ni kiharusi cha pili. Presha itashughulikiwa, sukari itapimwa, sigara itapigwa marufuku nyumbani. Juu ya hayo yote kitaongezwa kidonge cha kila siku cha kuzuia chembe sahani za damu zisishikamane. Kidonge kipi? Kwa madaktari wengi wa Ulaya na Marekani jibu ni aspirini au klopidogreli. Ukiwa Seoul au Busan utakutana na cha tatu, silostazoli, dawa iliyotoka kwa kampuni ya Otsuka ya Japani na kufanyiwa majaribio mengi kwa wagonjwa wa Asia Mashariki, Wakorea wakiwa mstari wa mbele.

Ulinganisho huu ni wa anayeuguza ndugu yake Korea, wa mwanafunzi wa udaktari au famasi, na wa yeyote aliyeona jina la dawa hiyo ya tatu akajiuliza inafanya nini pale. Haumhusu mwenye kiharusi cha kuvuja damu. Haumhusu pia yule ambaye bonge la damu lilitoka kwenye moyo unaopiga bila mpangilio. Huyo kwa kawaida hupewa dawa za kundi jingine, kama warfarini au apiksabani, na vidonge hivi vitatu havitamtosha.

Kwa nini wagonjwa wa Korea

Sababu ya kwanza ni mahali ugonjwa ulipo. Kwa Wazungu, mshipa ulioziba kwa mafuta mara nyingi ni ule wa shingoni. Kwa Wakorea, Wajapani na Wachina, mishipa mikubwa iliyo ndani ya fuvu husinyaa kwa kiwango kikubwa zaidi. Sehemu ya sababu iko kwenye jeni: aina moja ya jeni ya RNF213, inayohusishwa na ugonjwa wa moyamoya (mishipa ya ubongo kuziba polepole) na pia na kusinyaa kwa mishipa ya ndani ya kichwa, hupatikana zaidi Japani na Korea.

Sababu ya pili ni ini. Klopidogreli humezwa ikiwa bado haijawa na nguvu, na ini ndilo huiamsha kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho CYP2C19. Takriban Wakorea 6 kati ya 10 wamerithi walau nakala moja dhaifu ya jeni ya kimeng'enya hicho, na zaidi ya 1 kati ya 10 wamerithi mbili, yaani wanaiamsha dawa kwa shida sana.

Sababu ya tatu ndiyo inayowasumbua madaktari zaidi: wagonjwa wa Asia Mashariki huelekea kuvuja damu kwa urahisi zaidi wanapotumia dawa hizi. Mwaka 2014 daktari wa moyo wa Korea, Jeong Young-Hoon, aliandika kuhusu kitendawili cha wagonjwa hawa: vipimo vinaonyesha chembe sahani zao hazijatulia vya kutosha kwa klopidogreli, lakini mabonge ya damu hayawi mengi kama inavyotarajiwa, na kuvuja kunakuwa kwingi. Hoja yake ilikuwa kwamba mwongozo mmoja wa matibabu hauwezi kuwatosha watu wa kila asili. Naona alikuwa sahihi, na kila nitakachosema hapa chini kinaegemea hapo.

Vigezo nilivyotumia

Nimezipima dawa zote tatu kwa maswali yaleyale. Inafanyaje kazi, na je, jeni za mgonjwa zinaweza kuiangusha? Ushahidi wake una nguvu kiasi gani, hasa kwa Wakorea? Inavujisha damu kiasi gani? Kuishi nayo kila siku kukoje? Inamfaa nani? Bei nimeiweka pembeni kwa Korea, kwa kuwa bima ya afya ya taifa huko imewafikia wananchi wote tangu 1989, na tangu Julai 2019 wageni wanaokaa zaidi ya miezi 6 nao wanatakiwa kujiunga. Kwa msomaji wa Dodoma au Mombasa bei haiwezi kuwekwa pembeni, ingawa hapa nitagusa upatikanaji wa dawa tu, kule mbele.

Aspirini

*Inavyofanya kazi.* Huzima kimeng'enya kilichomo ndani ya chembe sahani kinachotengeneza thromboksani, kemikali ya kuziita chembe nyingine zije zishikamane. Chembe sahani haina kiini, kwa hiyo haiwezi kutengeneza kimeng'enya kipya. Inabaki hivyo mpaka ife, siku 7 hadi 10. Haihitaji kuamshwa na CYP2C19. Korea dozi ya kila siku iliyozoeleka ni 100 mg.

*Ushahidi.* Ndiyo yenye historia ndefu kuliko zote. Majaribio mawili makubwa ya 1997, moja la China na jingine la nchi nyingi, yalihusisha takriban wagonjwa 40,000 kwa pamoja na kuonyesha kwamba kuianza ndani ya saa 48 kunazuia vifo au viharusi vya mapema takriban 9 kwa kila wagonjwa 1,000. Faida ndogo, lakini haina ubishi.

Swali gumu ni la mgonjwa aliyepata kiharusi huku tayari anaimeza. Hapa mtandao wa hospitali za Korea unaoandikisha wagonjwa wa kiharusi, CRCS-K, umetoa jibu la maana. Katika uchambuzi uliochapishwa 2016, wagonjwa 1,172 wa aina hiyo waligawanyika: 212 waliachwa na aspirini ileile, 246 walibadilishiwa dawa, 714 waliongezewa dawa ya pili. Waliobadilishiwa na walioongezewa walipata matatizo ya mishipa machache kuliko walioachwa walipo. Hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo inawezekana daktari aliyembadilishia mgonjwa dawa aliona kitu ambacho takwimu haikuona. Hata hivyo, kumwambia mgonjwa wa namna hiyo "endelea na hiyohiyo" kunahitaji sababu.

*Kuvuja damu.* Tumbo ndilo hulalamika kwanza. Kwa mwenye historia ya vidonda vya tumbo, daktari huongeza dawa ya kupunguza asidi. Ubongoni pia huongeza hatari ya kuvuja, kidogo kwa wengi, zaidi kwa wale ambao kipimo cha MRI, picha ya ndani ya ubongo, kimeshaonyesha alama za damu iliyowahi kuvuja.

*Maisha ya kila siku.* Kidonge kimoja, basi. Wenye pumu inayochochewa na aspirini waikwepe.

*Inamfaa nani.* Mgonjwa wa kiharusi cha kwanza asiye na historia ya kuvuja damu, mwenye tumbo linalovumilia, na anayehitaji dawa itakayopatikana popote atakapohamia.

Klopidogreli

*Inavyofanya kazi.* Hufunga mlango mwingine wa chembe sahani, uitwao P2Y12, lakini baada ya ini kuiamsha. Kwa mgonjwa mwenye nakala mbili dhaifu za CYP2C19, sehemu kubwa ya kidonge inapita bila kufanya kazi yake. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo la kisanduku cheusi, yaani onyo lake kali kuliko yote, kuhusu jambo hili mwaka 2010. Hawaii, ambako wakazi wengi wana asili ya Asia na visiwa vya Pasifiki, serikali ya jimbo iliwashtaki hadi watengenezaji kwa madai kwamba hawakuwaonya watu mapema.

*Ushahidi.* Mwaka 1996 jaribio la CAPRIE, lenye wagonjwa zaidi ya 19,000, liliionyesha kuishinda aspirini kwa tofauti ya 8.7% ya hatari kwa wagonjwa wa mishipa kwa jumla. Nguvu yake ya kweli kwenye kiharusi imeonekana ikiungana na aspirini kwa muda mfupi. Jaribio la CHANCE la China (2013) liliwapa wagonjwa 5,170 wa kiharusi chepesi, au wa dalili za kiharusi zinazopita zenyewe, aspirini pekee au zote mbili kwa siku 21 za mwanzo. Ndani ya siku 90 waliopata kiharusi walikuwa 11.7% kwa aspirini pekee na 8.2% kwa mchanganyiko.

Kuhusu jeni, jaribio la CHANCE-2 (2021), nalo la China, liliwachagua wenye nakala dhaifu tu, watu 6,412, na kuwapa nusu yao tikagrela, dawa isiyohitaji kuamshwa na CYP2C19. Viharusi vilikuwa 6.0% dhidi ya 7.6% kwa klopidogreli. Kwa hiyo jeni ina uzito. Lakini hata hao wa nakala dhaifu, zaidi ya 9 kati ya 10 hawakupata kiharusi ndani ya siku hizo 90 wakiwa kwenye klopidogreli. Ndiyo maana kuna madaktari wanaopima jeni na wengine wasiopima, na pande zote mbili zina hoja.

*Kuvuja damu.* Tumboni ina unafuu kidogo kuliko aspirini. Ikichanganywa na aspirini kwa miezi mingi baada ya kiharusi, kuvuja huongezeka na faida hupungua, ndiyo sababu mchanganyiko huo huwekewa mwisho: wiki 3 kwa wengi, hadi siku 90 kwa mwenye mshipa wa kichwani uliosinyaa sana.

*Maisha ya kila siku.* Kidonge kimoja cha 75 mg, chakula si hoja. Adui yake mkubwa ni omeprazoli, ambayo hukizuia kimeng'enya kilekile kinachoiamsha.

*Inamfaa nani.* Aliyeshindwa na aspirini kwa sababu ya tumbo au kwa kupata kiharusi akiwa anaitumia. Mwenye matatizo ya mishipa ya miguu au moyo pamoja na ubongo. Na yule wa kiharusi chepesi katika wiki za mwanzo, pamoja na aspirini.

Silostazoli

*Inavyofanya kazi.* Huzuia kimeng'enya cha fosfodiesterasi 3. Chembe sahani zinatulia, na papo hapo mishipa inatanuka. Kitendo hiki cha pili ndicho kinachoitofautisha na wenzake wawili.

*Ushahidi.* Japani ndiyo iliyoanza. Jaribio la 2000 liliilinganisha na kidonge kisicho na dawa na kupata viharusi vimepungua kwa 41.7%. Kisha jaribio jingine la huko, CSPS II (2010), likaiweka uso kwa uso na aspirini kwa wagonjwa zaidi ya 2,600: viharusi vya kila aina 2.76% kwa mwaka dhidi ya 3.71%, na matukio ya kuvuja damu 0.77% dhidi ya 1.78%.

Wakorea wakaja na swali ambalo majaribio mengi yalikuwa yanalikwepa. Mgonjwa amepata kiharusi cha kuziba, lakini kwenye MRI yake kuna vidoa vyeusi, vidogo kama punje za mtama, vilivyotawanyika ubongoni. Kila kidoa ni mabaki ya damu iliyowahi kuvuja kimyakimya. Au pengine miaka iliyopita alishavuja damu ubongoni kweli. Ukimnyima dawa, mshipa utaziba tena; ukimpa, utavuja. Majaribio mengi huwaondoa watu hawa mlangoni. Jaribio la PICASSO, lililoongozwa na madaktari wa Asan Medical Center ya Seoul na kushirikisha Hong Kong na Ufilipino, liliwachukua hao hao, 1,534, na kuwagawa kwa kura kati ya silostazoli na aspirini.

Matokeo yalichapishwa 2018 na yanahitaji kusomwa taratibu. Matatizo ya mishipa kwa jumla yalikuwa 4.27 kwa kila watu 100 kwa mwaka upande wa silostazoli, na 5.33 upande wa aspirini. Hilo lilitosha kusema silostazoli haizidiwi na aspirini. Kiharusi cha kuvuja damu kilikuwa 0.61 dhidi ya 1.20, karibu nusu, lakini matukio yalikuwa machache mno kiasi kwamba tofauti hiyo haikufikia uhakika wa kitakwimu. Nimeona mahali pengi imeandikwa kwamba PICASSO ilithibitisha silostazoli ni salama zaidi kwa ubongo. Haikuthibitisha. Ilielekeza kidole huko, na ukiiweka kando ya CSPS II kidole kinaelekea upande uleule. Kwa daktari mwenye mgonjwa wa vidoa vingi mbele yake, hicho si kitu kidogo.

Kuna pia swali la mshipa uliosinyaa ndani ya fuvu, na hapa Wakorea walikuwa na jaribio la TOSS. Mwaka 2005, wagonjwa 135 walipewa aspirini pekee au pamoja na silostazoli. Baada ya miezi 6 mshipa ulikuwa umezidi kusinyaa kwa 28.8% ya wa aspirini pekee na kwa 6.7% tu ya waliopewa zote mbili. Picha nzuri mno. TOSS-2 ya 2011, yenye wagonjwa 457, ikaweka klopidogreli upande wa pili, zote zikiambatana na aspirini, na pengo likafifia: 9.9% dhidi ya 15.4%, bila uhakika wa kitakwimu. Wakati huohuo vidonda vipya kwenye MRI vilielekea kuwa vingi kidogo upande wa silostazoli, 18.7% dhidi ya 12.0%, navyo bila uhakika. Mshipa kupanuka kwenye picha na mgonjwa kubaki mzima si lazima viende pamoja.

*Kuvuja damu.* Hapa ndipo inapong'aa kuliko wenzake, kwa tahadhari niliyokwisha kuitaja.

*Maisha ya kila siku.* Hapa ndipo inapowashinda wengi. Dozi ya kawaida ni 100 mg mara mbili kwa siku, nusu saa kabla ya chakula au saa mbili baada yake, kwa kuwa mlo wa mafuta hupandisha kiwango chake mwilini ghafla. Ile mishipa inayotanuka huleta kichwa kuuma, hasa siku za mwanzo, na moyo huongeza mapigo kadhaa kwa dakika. Kuharisha kupo. Katika CSPS II karibu theluthi ya waliopewa silostazoli waliiacha njiani, wakati wa aspirini walikuwa robo. Madaktari wengi huanza na dozi ya nusu kisha wakapandisha, na Korea kuna kidonge kinachoyeyuka polepole cha mara moja kwa siku, ambacho kimewapunguzia wengi adha. Mwenye moyo kushindwa kufanya kazi haruhusiwi kabisa kuitumia, hata kama hali yake ni nyepesi.

*Inamfaa nani.* Mgonjwa wa Asia Mashariki mwenye mishipa midogo iliyochakaa, vidoa vya damu kwenye MRI au historia ya kuvuja, moyo ulio salama, na subira ya kuvumilia wiki za mwanzo.

Je, matokeo haya yanavuka mpaka?

Ushahidi mwingi wa silostazoli unatoka Asia Mashariki. Uingereza wameijaribu katika LACI-2, iliyochapishwa 2023 na kuhusisha wagonjwa 363 wa viharusi vya mishipa midogo. Ilionyesha inavumilika na inastahili jaribio kubwa zaidi, basi. Kwa mtu mwenye asili ya Afrika kuna mambo mawili yanayovutana. Kusinyaa kwa mishipa ndani ya fuvu kunatusumbua nasi zaidi ya Wazungu, kwa hiyo TOSS ina la kutufundisha. Lakini jeni za CYP2C19 kwetu zimekaa tofauti: nakala zenye kasi kubwa, adimu sana Korea, ni za kawaida Afrika. Kwa hiyo hofu ya Wakorea kuhusu klopidogreli isibebwe kama ilivyo ikapandwa Nairobi. Isitoshe, aspirini na klopidogreli zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, silostazoli haimo. Anayerudi nyumbani kutoka Korea na dawa ya miezi mitatu aulize kwanza itapatikanaje mwezi wa nne.

Kwa hali ya mgonjwa

Kiharusi chepesi, saa 24 za kwanza, CT haina damu: mazungumzo na daktari yaanzie kwenye aspirini na klopidogreli pamoja kwa wiki chache. Silostazoli inaweza kusubiri.

Kiharusi kimempata akiwa kwenye aspirini: mwulizeni daktari kwa nini asibadilishiwe au kuongezewa, na pia kama moyo umekaguliwa na kama kweli dawa ilikuwa inamezwa. Mara nyingi jibu liko kwenye hili la mwisho.

MRI imeonyesha vidoa vingi, au aliwahi kuvuja damu ubongoni: silostazoli pekee ni chaguo la kuzungumzwa kwa uzito, hasa kwa mgonjwa wa Korea. Lakini presha ikibaki juu, hakuna kidonge kati ya hivi kitakachomlinda.

Mshipa wa ndani ya fuvu umesinyaa zaidi ya 70%: aspirini na klopidogreli kwa takriban miezi mitatu ndiyo njia iliyozoeleka, silostazoli pamoja na mojawapo ni njia ambayo jaribio la Japani la CSPS.com (2019) limeipa nguvu kwa tiba ya muda mrefu, ambapo viharusi vya kuziba vilipungua kwa karibu nusu bila kuvuja kuongezeka.

Anashindwa kufuata ratiba, au hakuna wa kumkumbusha: kidonge cha mara moja kwa siku, chochote kati ya viwili vya kwanza. Dawa bora inayoachwa kwenye droo haizuii kitu.

Anaumwa moyo kushindwa kufanya kazi: silostazoli itoke mezani.

Anatumia omeprazoli kwa ajili ya tumbo: hapa mwonyesheni mfamasia vidonge vyote, hata vile vya dukani. Pamoja na aspirini, omeprazoli ni msaada. Pamoja na klopidogreli, inaidhoofisha, na pantoprazoli huwa mbadala mzuri zaidi. Pamoja na silostazoli, inaizidisha nguvu, na dozi hupunguzwa kuwa 50 mg mara mbili. Na asiiache dawa yoyote kati ya hizi tatu kwa sababu ya kung'oa jino au upasuaji mdogo kabla daktari aliyeiandika hajaulizwa.